Kichwa Kilichobaki Peke Yake Chini ya Ukurasa

Jumatatu, 9 Juni
Chai, kisha tasnifu, kama kila asubuhi. Vichwa vya sura vimehama tena. "Sura ya Tatu" imekaa peke yake chini ya ukurasa. Maandishi yake yanaanza ukurasa unaofuata. Kabla ya Sura ya Pili, ukurasa mtupu. Jumamosi, kwa Mama Odile anayenipigia chapa katika kibanda chake mtaa wa Kenya, hapa jijini, kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa. Nikichelewa, sitaitetea katika kikao hiki. Kilichopita nilikwisha kukikosa.

Jumanne, 10 Juni
Nimerekebisha kwa mkono. Nikipandisha kichwa kimoja, vingine vinateremka. Nimechapisha jaribio mjini: huko vimekaa kwa namna nyingine kabisa. Nimekasirika, nimekwenda Kenya. Mama Odile hakuacha hata kuchapa. "Mademoiselle, kwangu yote ilikuwa muzuri. Ni machine yako njo iko na kichwa nguvu." Wateja wameicheka mashine yangu kaidi. Mimi pia, kidogo, bila kupenda.

Jumatano, 11 Juni
Umeme umerudi adhuhuri. Nimeiagiza programu ionyeshe alama zilizofichwa, na nimeelewa. Mama Odile, kama wachapaji wengi wa hapa, hupeleka kila kichwa, hata cha kifungu, ukurasa unaofuata kwa kubonyeza kitufe cha Entrée mpaka kishuke. Mistari mitupu, safu nzima. Kwenye mashine yake inatosha. Kwenye nyingine aina ya herufi hubadilika, na kila kitu huteleza. Wala kwa programu vichwa si vichwa: ni maandishi ya kawaida yaliyokolezwa. Siwezi kumlaumu. Wateja wake humwomba karatasi, si faili.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeifuta mistari mitupu yote. Vichwa vya sura nimevipa mtindo wao, nikauagiza uanze ukurasa mpya daima na usiachane na aya inayofuata. Orodha ya yaliyomo imejipanga yenyewe. Kwenye kompyuta ya jirani hakuna kilichohama.

Furaha fupi. Bila mistari mitupu, Sura ya Tatu imebaki kurasa chache mno. Ndiyo inayodai kwamba wanawake wanaolima Annexe, pembezoni mwa jiji, hupoteza mashamba kwa sababu ya waume zao. Nimeisoma upya. Mahojiano haba, hitimisho kubwa. Utupu ndio uliokuwa ukiinenepesha. Au nimechoka tu, na ninaionea? Sina hakika. Naweza kuirudisha mistari, hakuna atakayejua. Linanitisha jinsi wazo hilo lilivyokuja kwa urahisi.

Ijumaa, 13 Juni
Sikuirudisha. Sura ya Tatu nimeishusha, sasa ni sehemu ya mwisho ya Sura ya Pili, na palipokuwa na "hupoteza" nimeandika "huenda wanapoteza". Profesa, msimamizi wangu, amepekua kurasa, akarudi nyuma, akapekua tena. "Na chapitre ya tatu, uliitupa wapi?" Nimemwambia kwamba haikuwa sura. Amesema jopo litaniuliza hilohilo, na si wote watakaokuwa wapole. Kisha ametia sahihi. Sijui kama ilikuwa idhini au onyo.

Jumamosi, 14 Juni
Sikufungua kompyuta. Nimefua, nimeanika. Mama yangu ameuliza kama nimemaliza. Nimemjibu kwamba nimewasilisha.