Mume Wangu Asema Sheria Haimhusu Tena

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla kichwa hakijanipasuka, mimi ni fundi cherehani na mume wangu ni seremala, tuliishi kwa amani mpaka siku aliyotoka kanisani akiwa amelisikia neno neema kwa sikio moja, akatangaza kwamba aliyeamini hayuko tena chini ya sheria, hata amri kumi ni za watu ambao hawajafika, basi kuku wa jirani akaingia uani kwetu, mume wangu akamchinja, jirani alipokuja kuuliza akajibiwa, "Mama, juu yangu hukumu haipo tena," na mimi nimesimama pale na sufuria mkononi sijui nitazame wapi. Mdogo wake aliposikia mafundisho hayo akaamini papo hapo, akachukua suti ya kaka yake akaenda nayo harusini, mume wangu akapiga kelele mtaa mzima, "Mwizi! Imeandikwa usiibe!" shemeji akasema, "Kaka, si ulisema imefutwa?" naye akajibu, "Kwangu imefutwa, wewe imani yako bado changa." Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini kicheko kiliniishia jana aliponiambia hata kiapo cha ndoa ni sheria tu, kwa hiyo ataanza kumtembelea mjane mmoja wa kwaya, na nikinuna nina roho ya utumwa. Nampenda, mshauri, na ninaogopa. Je, na mimi niamini hivyohivyo nimkomeshe?

Mke wa Aliye Huru

Mke wa Aliye Huru, pole sana. Machozi yako nimeyaona, na sufuria pia nimeiona: hukusema yule kuku aliliwa na nani. Basi, usinijibu.

Usithubutu kuamini kama yeye. Watu huru wawili wa aina hiyo katika nyumba moja, mtabaki na kuta. Mumeo hajawekwa huru, amepata kisingizio. Neema humwinua aliyeanguka. Haimtandikii kitanda alipoangukia. Naye anajua, ndiyo maana suti ilipoguswa tu amri zote zilimrudia kichwani.

Fanya hivi. Mpelekee jirani kuku mzima, mnono kuliko yule, umwombe radhi kwa kinywa chako. Kisha mwite mchungaji na shemeji yako, mwekeeni mumeo kiti katikati ya sebule, ayarudie mbele yao hayo ya kiapo na mjane. Usimsaidie kuongea, wala usilie. Akiona aibu, mpe chai, muanze upya. Asipoona, mwache aende, ila funguo aziache mezani. Akikuuliza unamfungia nje kwa sheria gani, mwambie hakuna sheria hapo, ni kitasa tu.