Kadi Iliyofichwa Ndani ya Kamusi

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na kazi haikuchoshi sana. Sisi ni wazima, ila mdogo wako, Mama Mdogo, hana raha, na sababu ni mimi. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiwe wa kwanza.

Uliuliza inakuwaje mtu aliyefaulu masomo yote ya shahada ya uzamivu ya kompyuta bado apewe mtihani. Kumbe masomo ya darasani hayatoshi. Mwisho wa mwaka wa pili anapimwa kama anastahili kuendelea na utafiti. Kwanza ni karatasi tatu za kuandika, na hizo alizifaulu. Kisha anasimama ubaoni mbele ya wahadhiri watatu kwa saa mbili, nao wanamuuliza lolote lililomo katika vitabu walivyompa. Akishindwa, anarudia mara moja tu. Akishindwa tena, safari imeishia hapo.

Basi Mama Mdogo aliandika kadi mia mbili na kumi, swali mbele, jibu nyuma. Kila nikitoka shule nilikaa mezani nikawa mhadhiri, naye akasimama na chaki kwenye mlango wa kabati, ndio ubao wetu.

"Profesa, mbona unauliza kama unaomba chumvi kwa jirani? Kaza sauti!" alinitania. Unajua mimi na sauti yangu ndogo.

Kila alipokosa alitia nukta nyekundu kwenye kadi. Moja ilikuwa na nukta tisa. Ilihusu mkwamo: programu mbili, kila moja imeshikilia kitu ambacho nyingine inakihitaji, hakuna inayoachia, zinabaki zinangojana. Kueleza aliweza. Alipotakiwa kuthibitisha kwamba njia yake ya kuuzuia haitashindwa kamwe, alipotea katikati. Siku ya nukta ya tisa aliketi sakafuni, akafunika uso. Alipokwenda kunawa, nikaichomoa ile kadi nikaificha ndani ya kamusi yangu. Nilidhani namhurumia.

Jumatano, siku ya mtihani wa ubaoni, mhadhiri wa pili akamuuliza mkwamo. Akapotea palepale. Wamempa nafasi ya mwisho, baada ya miezi mitatu.

Tangu arudi anapekua boksi la kadi. "Kadi ya mkwamo nimeipoteza," aliniambia jana. "Kitu kikubwa vile, nami sikukumbuka kukirudia! Kichwa changu hakifai." Ameandika barua ya kujiondoa chuoni, aipeleke kesho.

Mjomba, nilipofika hapo katika barua hii niliweka kalamu chini. Nikaitoa kadi, nikamfuata jikoni alikokuwa akiosha vyombo, nikamwambia yote. Alikausha mikono, akazihesabu nukta moja moja. Hakunigombeza wala hakunikumbatia.

"Kaa mezani," alisema.

Nikauliza swali lile kwa sauti ya kusikika hadi nje. Alipotea palepale. Akatia nukta ya kumi. "Tena." Nikauliza tena. Tumefanya hivyo mara sita, na ya sita alifika mbali kidogo.

Wasalimie Mkaza Mjomba na mapacha. Bibi naye anakusalimu, anasema uvae sweta. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Niwie radhi kwa karatasi hii ya mwisho kuwa na maandishi nyuma. Ni ile barua ya kujiondoa. Nilimwomba karatasi ya kumalizia, akanipa hiyo.

Wako akupendaye,
Profesa wa Kabatini