Niliigusa Kompyuta Siku ya Vyombo Kupumzika

Bweni la Wanawake Wafanyakazi,
Mylapore,
Chennai.

13 Oktoba 2019

Mpendwa Shangazi Poongodi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua, na kwamba mvua za huko kwenu Ipoh hazijaingia tena jikoni kama mwaka jana. Mjomba Devasahayam anaendeleaje na sukari yake? Irene ameshamaliza mitihani? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayochemka, na nimeona nikuandikie wewe kabla haijanimwagikia mahali pasipofaa.

Najua Baba alikupigia simu Jumatano. Miaka ishirini na miwili tangu uondoke nyumbani ameshindwa kukupigia wewe dada yake hata kukuuliza umeamkaje, lakini siku ya kunishtaki mimi namba yako aliipata upesi. Najua na alichokwambia: kwamba nimechezea ibada, nimemwaibisha mbele ya watu, na kwamba haya yote nimeyarithi kwako. Hilo la mwisho nalipokea kwa mikono miwili. Mengine sikubali, na utanisikiliza na mimi.

Kwanza Babu, maana ndiye unayemuwazia. Kidonda cha upasuaji kimepona. Anapumulia lile tundu la shingoni, ambalo hulifunika kwa kitambaa cheupe anachokifua mwenyewe kila asubuhi. Sauti ndiyo haipo tena, kama nilivyokuandikia Julai, na madaktari walisema wazi kwamba haitarudi. Ananing'iniza kidaftari shingoni, na penseli. Akikasirika huandika kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka, kwa hiyo usidhani amekuwa mpole.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana Baba amekwambia "kompyuta" tu kana kwamba nilikutwa nikicheza karata. Ofisi yetu ilipewa kazi na ushirika wa wafumaji wa Kanchipuram, watengenezewe onyesho la kioo cha kugusa kwenye nyumba yao mpya. Mgeni anagusa picha ya kitanda cha mfumi, ukurasa unafunguka, na mfumi mwenyewe anamweleza kazi. Mfumi aliyechaguliwa alikuwa Babu. Nilimrekodi mimi, mwezi wa Juni, wiki tatu kabla ya kisu. Ni dakika saba. Hakuna sauti yake nyingine popote duniani, Shangazi, maana nyumba yetu unaijua, nani angemrekodi na kwa sababu gani.

Dakika ya nne nilimuuliza pindo la macho ya kasuku alilitoa wapi. Unajua Kanchipuram wanaliita kwa jina lake, pindo la Ekambaram, na limempatia sifa mpaka Delhi. Aliiweka mapajani shatoli, kile chombo cha kupitishia uzi, akasema: "Hili si langu. Alilibuni binti yangu Poongodi, akiwa na miaka kumi na saba. Mimi nimeilalia sifa ya kazi yake miaka yote hii." Soma tena hapo kama unataka. Mimi nitangoja.

Sikukuandikia wakati ule kwa sababu nilitaka ulisikie, usilisome. Kosa langu ndilo hilo, na kwa hilo tu naomba radhi.

Baba alikuwa amekaa mlangoni siku ile ya kurekodi. Alimfuata bosi wangu, Bwana Sundaresan, akamwomba sehemu hiyo ikatwe, eti mambo ya nyumbani hayaanikwi kwa watalii. Bwana Sundaresan alikataa, si kwa wema, ila kwa uvivu wa kukata. Basi nikadhani yamekwisha.

Filamu haikai ukurasani hivi hivi. Katika programu yetu unaweka kicheza video ndani ya ukurasa, kisha unakiamuru kwa visanduku vidogo vilivyo pembeni: ianze yenyewe au ingoje kuguswa, irudie au isirudie, vitufe vionekane au vifichwe, sauti iwe kiasi gani. Visanduku vinne. Mimi nilikuwa nimevipanga vizuri: ingoje mgeni aguse, vitufe vionekane, sauti kamili. Nikaenda Kanchipuram siku tatu kumpeleka Babu hospitalini. Nyuma yangu Bwana Sundaresan akafungua kazi yangu, akaitengeneza.

Alitaka filamu ianze yenyewe mgeni akifika. Mashine za siku hizi haziruhusu filamu iliyojianzisha yenyewe itoe sauti mpaka mtu aiguse, kwa hiyo ilimgomea. Akashusha sauti mpaka sifuri, filamu ikaanza, akafurahi. Halafu akaficha na vitufe vyote, kwa kuwa vinaharibu sura ya ukurasa. Maana yake ni kwamba hata mgeni akitaka kumsikia Babu, hana pa kubonyeza. Hakuniambia neno.

Niligundua Jumatatu, siku ya ibada ya vyombo, ambayo chombo cha kazi kikishapakwa baraka hakiguswi mpaka kesho yake. Tulikuwa tumesugua ofisi nzima, tumepanga kompyuta zote mezani na maua, ndizi, bisi za mchele, kila mashine na alama yake ya msandali na unga mwekundu. Bwana Sundaresan akaiweka katikati ile kompyuta ya onyesho, ikiwa wazi, ili baraka ziiingie kazi ikiwa inaonekana. Kafuri ikawashwa. Nikainua macho nikamwona Babu kwenye kioo, midomo inacheza, haisikiki hata pumzi. Alikuwa kama anavyokaa nyumbani sasa, mtu anayefungua mdomo na watu wakaendelea na mazungumzo yao. Nililia palepale, na wenzangu wakadhani ni moshi.

Ibada ilipokwisha nilimfuata Bwana Sundaresan. "Mzee, sauti imezimwa."

"Haijazimwa, imetulizwa. Watu waone kazi ya mikono, binti. Hii si redio."

"Naomba dakika ishirini niirekebishe."

"Leo?" Alinitazama kana kwamba nimeomba nyama hekaluni. "Wewe mjukuu wa mfumi, leo uguse chombo? Babu yako ataigusa shatoli leo?"

"Basi kesho asubuhi kabla hatujaondoka kwenda Kanchipuram kwenye uzinduzi."

"Kesho naifungua mbele ya wageni, na unga wake juu, saa nne kamili. Saa hiyo ndiyo nimepewa na kuhani. Hata baba yako nimemwambia filamu ni bubu, akasema afadhali."

Afadhali! Hapo, Shangazi, ndipo nilipofunga kibwebwe. Kwamba Bwana Sundaresan hajui alichokizima, sawa, huyo ni mjinga wa kawaida. Baba alijua. Baba anajua dakika ya nne ina nini, na anajua koo la baba yake halitalisema tena, na akasema afadhali.

Watu walipoondoka na pakiti zao za bisi, saa tisa mchana, mimi nilibaki. Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Tangu nizaliwe sijawahi hata kushika kalamu siku hiyo; lakini nilifuta ule unga kwa pindo la sari yangu, nikaiwasha kompyuta. Niliondoa alama kwenye kisanduku cha kujianzisha. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikarudisha vitufe vyote, pamoja na kile cha kurudisha nyuma, nikavifanya vikubwa ili mtu mwenye macho mabovu avione. Kisha nikaanza kuitoa upya kazi nzima, yaani kuigeuza iwe faili la kuonyeshwa, na hapo mashine hufikiri muda mrefu.

Ilikuwa imefika nusu Bwana Sundaresan aliporudi kuchukua helmeti yake.

"Unafanya nini?"

"Namrudishia babu yangu sauti."

"Zima!"

"Ukiikatiza sasa hata ile bubu huipati. Kesho utawafungulia wageni kioo cheusi."

Alizunguka meza mara mbili akimtaja kila mungu anayemjua. Hakuizima. Ilipomaliza nilichovya kidole kwenye kibakuli cha ule unga mwekundu nikairudishia alama yake, na hapo ndipo alipopasuka. "Unapaka baraka kama unapaka rangi ya kucha! Wiki mbili nisikuone machoni pangu." Kabla sijafika ngazini alikuwa ameshampigia Baba.

Usiku sikulala, na asubuhi nilipanda basi kwenda Kanchipuram bila kualikwa. Baba alinikuta mlangoni pa nyumba ya maonyesho. "Umeleta mkosi hapa, na unatembea tu kama bibi harusi. Damu ya Poongodi hiyo." Nikamwambia ndiyo, hiyohiyo. Hakunipiga kwa sababu mke wa mwenyekiti wa ushirika alikuwa anatutazama.

Babu alikaa kiti cha mbele, shuka mpya ya veshti kiunoni, kitambaa cheupe shingoni. Walikuwa wameshamwambia nilichofanya, na hakuniangalia. Hilo liliniuma kuliko yote, maana yeye ndiye anayeifunika shatoli yake siku ya ibada kama anamlaza mtoto. Bwana Sundaresan akaifungua kompyuta, picha ikatokea kwenye kioo kikubwa, ikatulia. Haikujianzisha. Watu wakangoja. Mwenyekiti akamwambia Babu, "Mzee, bonyeza wewe, ni yako."

Akabonyeza. Sauti yake ikajaa ule ukumbi, ile sauti ya kukemea ambayo wewe na mimi tumeikimbia. Mikono yake ilishika kiti. Dakika mbili, dakika tatu, hakupepesa. Baba alikuwa amesogea hatua kwa hatua mpaka karibu na kioo, na Babu kwenye filamu alipoiweka shatoli mapajani, Baba alinyoosha mkono aizime, huku akisema kwa tabasamu la wageni, "Inatosha, wageni wana njaa."

Babu alimpiga kofi mkononi. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya mwandishi wa gazeti, alimchapa mwanawe wa miaka hamsini na mmoja kama mwizi wa maembe. Na jina lako likatoka, Shangazi. Likasikika mpaka barabarani, kwa sababu sauti nilikuwa nimeipandisha mpaka mwisho.

Halafu akatafuta kile kitufe cha kurudisha nyuma. Alikikosa mara ya kwanza, akakipata. Poongodi, akiwa na miaka kumi na saba. Akarudisha tena. Mara tatu aliirudisha, wageni wamesimama na sahani zao, hakuna aliyethubutu kula. Midomo yake ilikuwa inaifuata ile sentensi.

Baba hajala nami tangu siku hiyo, na mimi sijamwomba. Bwana Sundaresan anawaambia watu vitufe vile vilikuwa wazo lake. Bado nina hasira nao wote wawili, na sitaki uniandikie kwamba nisamehe, angalau si kwenye barua ijayo.

Nisalimie Mjomba Devasahayam, na Irene, na Jeyakumar mwambie stempu zake nimemwekea. Mwenyezi awalinde nyote na barabara za huko na maji ya jikoni.

Nimekufungia kifimbo cha kumbukumbu, ile flashi ya kompyuta yenye filamu ya Babu, ndani ya karatasi hii, angalia usikitupe na bahasha. Si kwa hiari yangu tu. Jioni ile Babu aliniita, akaniandikia kidaftarini mistari miwili. Wa kwanza, mpaka karatasi ikatoboka: "Kavunje nazi tano hekaluni kwa kosa la kugusa chombo kilicholala." Nimeshazivunja. Wa pili aliuandika taratibu, akanikatia karatasi yenyewe ili nikutumie. Ni hiyo iliyozungushiwa kifimbo. Amekuandikia: "Poongodi, njoo unisemee."

Mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye kwa hasira zake zote,

Thamarai