Nestor Amepima Pua ya Mama Mukwe

Mama Constance,

Nakuandikia nikiwa na mutoto mugongoni na maharagi kwenye moto, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi ujue ni mafuta, si machozi, ingawa machozi nayo yako karibu. Nisaidie, na nakuomba sana usitaje jina langu mu gazeti, kwani hapa kwetu hata nikikohoa kilima kizima kinajua ni nani, andika tu mama mumoja wa Masisi.

Mimi nilizaa mapema. Nestor, mutoto wangu wa kwanza, nilimupata nikiwa na miaka kumi na sita, leo yeye iko na makumi mbili na mbili, tukitembea pamoja watu wananiuliza kama ni kaka yangu, na mimi nafurahi kidogo halafu nakumbuka vile nimechoka. Baba yake iko Bisie kwa kazi, anarudi Noeli na Pasaka. Mimi nabaki na mashamba, na Céline wa miezi mitano ambaye bado hajaambiwa kama usiku ni wa kulala, na huyu Nestor anayesoma infirmerie, kazi ya kuuguza wagonjwa, kule Goma. Masomo yalipofungwa, akaja vakansi, nikasema Mungu asante, nimepata mikono ya kulima. Kumbe mikono ilishapata kazi: wamemuandika pamoja na wanafunzi wenzake kupima watu corona, pale bariere ya njia ya Walikale, gari inasimamishwa, kila muntu anashuka, anapimwa, ndipo anaendelea.

Mimi sikupenda tangu siku ya kwanza. Nikamwambia, "Nestor, watu wanakimbia ugonjwa, wewe unaufuata mpaka ndani ya pua?" Akanijibu, "Mama, kama kila infirmie atakimbia, wagonjwa watabaki na nani, na padri?" Anapenda kunijibu hivyo, kama muntu aliyekula kitabu. Basi nikaweka sheria yangu: ukirudi unaoga inje, nguo unaziloweka na sabuni, unakula kwenye kigoda pale mulangoni, na Céline unamusalimia kwa mbali. Akakubali yote. Jioni Céline akimuona ananyoosha mikono na kupiga kelele, na Nestor anacheza peke yake inje kama kichaa ili mutoto acheke, na mimi roho inaniuma, lakini sheria ni sheria.

Sasa shida yenyewe. Nestor iko na muchumba, Umuhoza, binti wa watu wazuri wanaofuga ngombe na kutengeneza fromage ya maziwa yao kule juu mulimani. Tulishapeleka pombe ya kugonga mulango, wakakunywa, wakasema mulango umesikia, tulikuwa tunangoja watuite tuongee dote, zile ngombe za mahari. Na wewe unajua desturi yetu: kijana na mama mukwe hawatazamani usoni, hawashikani mukono, wakikutana njiani kijana anaingia mu majani mpaka mama apite. Nestor anaheshimu hiyo kuliko wale walioifundisha. Siku moja sokoni alimuona Mama Umuhoza anakuja, akajificha nyuma ya muuza mikeka, na kwa haya akanunua mukeka ambao hatukuuhitaji.

Juma iliyopita Mama Umuhoza akapanda gari na fromage zake kwenda kuuza Walikale. Gari ikasimama bariere, watu wakashuka, wakapanga mustari, na yeye ndani ya mustari. Nestor akamuona. Amenisimulia mwenyewe: alimutafuta Solange, mwenzake wanaopima pamoja, ili amuachie, lakini Solange alikuwa amepanda pikipiki kupeleka vitu hospitali. Angefanya nini? Akikataa kumugusa, mustari muzima utasema huyu mama ni mugonjwa, hata mupimaji amemuogopa, na ile fromage hakuna atakayeionja tena toka hapa mpaka Bisie. Kwa hiyo akanyamaza. Hata bonjour hakusema, ili mama asijue sauti. Akamuonyesha kwa kidole tu: keti, inua kichwa, shusha maske kidogo. "Mama," ananiapia, "sikutazama uso. Nilitazama tundu ya pua tu."

Na ingepita hivyo. Nguo yao ya kazi ni nyeupe, inafunika toka kichwa mpaka viatu, juu yake maske na miwani kubwa, huwezi kujua kama ndani ni Nestor ao ni askofu. Ila mimi nilikuwa natoka shamba, Céline mugongoni, mihogo kichwani, nikapita pale. Mama hapotezi mutoto wake. Nilimujua kwa kusimama tu, anaegemea muguu mumoja kama marehemu baba yangu. Nikaona anaingiza kile kijiti cha pamba mu pua ya mama mumoja, mama ameshika kiti, machozi yanashuka, na mimi bila kuangalia vizuri nikaita kwa ile sauti ya kuita watu wa kilima cha ngambo: "Nestor eeeh! Polepole, huyo ni mama ya watu!" Yule mama akageuka, kijiti bado kiko puani, na pale njo nikaona ni nani.

 Mustari wote ukapasuka kwa kicheko. Dereva akasema, "Aah, mukwe amepitia dirisha!" Mwingine naye, "Ngombe hazijafika, yeye ameshaanza kukamua!" Mama Umuhoza akajifunika uso na kitenge, akangoja majibu akiwa ametugeuzia mugongo, akapanda gari bila kuaga. Majibu yenyewe siyajui. Nilimuuliza Nestor, akasema, "Mama, majibu ya muntu ni ya muntu." Hata mimi niliyemuzaa!

Kabla fromage haijafika Walikale, habari ilishafika Bisie. Mume wangu akapiga simu: "Nasikia mutoto wako amechokonoa pua ya mama mukwe." Akifanya vizuri ni mutoto wake, akikosea ni wangu. Na jana Evode, mushenga wetu, amerudi kutoka kule mulimani na ujumbe: Mama Umuhoza anasema kijana aliyemushika kichwa mbele ya watu, mukono wake hauwezi kumuletea ngombe. Aache ile kazi kwanza, ndipo waone kama mulango bado unasikia. Nestor anasema hataacha, wagonjwa hawakumukosea kitu. Umuhoza naye amemuandikia kwa simu, ile simu niliishika kwa bahati tu, ni vile vichwa vidogo vya kucheka mustari muzima, na mwishoni anasema, "Mama hakukasirikia kijiti, amekasirikia kicheko."

Nifanye nini, Mama Constance? Nikimutoa Nestor kwa nguvu, hofu ya ugonjwa inaisha nyumbani na mulango wa wakwe unafunguka, lakini atanitazama vipi, maana hii kazi anaipenda, asubuhi anaimba akifunga viatu. Nikimuacha, tunapoteza Umuhoza, na huyu binti mimi nampenda, akifika hapa ananipokea Céline bila kuombwa, ananiambia, "Mama, lala kidogo," na mimi nalala kweli. Mimi ni mama yake, naweza kumukataza. Niambie tu kama nimukataze.

Mama mumoja wa Masisi

---

Mama mumoja wa Masisi,

Pole kwanza. Pole kwa mihogo, pole kwa usiku za Céline. Ungekuwa hapa ningekupokea mutoto, ulale, halafu ukiamka ningekugombeza. Kwa kuwa uko mbali, tutaruka kulala.

Umeniomba nifiche jina lako. Nimelificha, na majina mengine yote ya barua hii nimeyageuza. Sasa niambie wewe: jina la Nestor nani alilifichua? Kijana amejifunika toka utosi mpaka kisigino, amefunga na sauti yake, hata bonjour ameimeza, na wewe ukatoka shamba ukalitangaza kwa sauti ya kuita ngambo ya mulima. Wewe unataka ufunikwe, na mutoto wako ulimufunua mbele ya gari nzima.

Unaandika kwamba kijana akikutana na mama mukwe anaingia mu majani mpaka apite. Ile nguo nyeupe njo yale majani, mama. Pale bariere hakukuwa na majani mengine. Nestor aliingia humo vizuri, akasimama kimya, akangoja mama mukwe apite. Wewe ulikuja na panga ukayafyeka. Kwa hiyo usiniulize kama Nestor aache kazi kwa kosa ambalo si lake.

Usimukataze. Unaweza, ndiyo, wewe ni mama yake. Lakini kijana wa miaka hiyo ukimutoa kwenye kazi ya maana kwa sababu watu walicheka, umemufundisha kwamba kicheko ni kikubwa kuliko wagonjwa, na siku moja atakuwa infirmie wa kukimbia, na atakayekimbiwa anaweza kuwa wewe.

Atakayekwenda kule mulimani ni wewe. Kati yako na Mama Umuhoza hakuna mwiko, nyinyi munaweza kutazamana mpaka muchoke. Mutangulize Evode, kwa sababu yeye njo mushenga na asipotangulia atanuna, lakini mukifika usimuache aseme. Sema wewe: "Mimi njo niliyefyeka majani." Usianze kumueleza corona, yule mama amekwisha kuelezwa corona na kila muntu mwenye mudomo. Mueleze kitu kimoja ambacho hakijui. Mwambie Nestor alimutafuta Solange akamukosa, na hakukataa kumupima kwa sababu mustari ungesema huyu mama ni mugonjwa, na fromage yake ingeozea Walikale. Hiyo hajaambiwa na muntu. Kijana amepigwa maneno juma nzima na hajaitumia kujitetea, amenyamaza nayo kama alivyonyamaza siku ile. Mama anayetafuta mume wa binti yake atasikia hilo hata kama masikio yamejaa hasira.

Lakini kabla ya kupanda mulima, pita bariere. Mupe jirani Céline, uingie mu mustari, na zamu yako ikifika ukae kwenye kile kiti, Nestor akupime. Nestor, si Solange. Utashika kiti, machozi yatashuka, dereva atasema lake, na watu watacheka. Waache wacheke, na wewe cheka nao kama utaweza na kijiti puani. Binti amekuambia dawa, ile siku uliposhika simu ya mutoto wako "kwa bahati" (simu haina miguu, mama, haikukufuata): mama yake hakukasirikia kijiti, amekasirikia kicheko. Kicheko cha watu kwa muntu mumoja ni fimbo. Kikiwa cha mama wawili wa wakwe, waliolia kwenye kiti kimoja, kitakuwa hadithi ya kusimulia siku ya arusi, na atakayeisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mama Umuhoza. Tayari nawasikia.

Kama atakataa, usilie, usiongeze maneno. Rudi, ngoja. Kabla ya vakansi kuisha, mwenye fromage atapita tena bariere ile, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumufikisha Walikale. Siku hiyo Solange ampime, na Nestor aingie mu majani ya kweli.

Na majibu ya pua ya watu usimuulize tena mutoto. Ulimuona Mama Umuhoza amepanda gari akaenda zake. Unataka majibu gani zaidi?

Kuhusu Céline: sheria zako ni nzuri, usitoe hata moja mpaka kazi iishe. Wewe hukukosa kwa kuogopa, unanyonyesha, unapaswa kuogopa. Ila ongeza moja. Chukua kigoda cha pili, ukiweke inje, mbali na chake hatua chache, na jioni mutoto akilala ule huko pamoja naye. Kijana anayebeba wasiwasi wa watu mchana kutwa na yeye anahitaji muntu wa kula naye. Muulize habari ya kazi, na akikujibu kama aliyekula kitabu, muache ajibu.

Halafu hii ya mwisho, na hii ni amri, si shauri. Siku utakapopita tena pale bariere, ukamuona muntu mweupe toka juu mpaka chini, anaegemea muguu mumoja kama marehemu baba yako, utamujua, najua utamujua, hakuna nguo inayomuficha mutoto kwa mama yake. Mujue, mama, halafu pita kimya. Jina lake lingoje jioni. Akisha kuoga, akikaa kwenye kigoda chake, uliite pale mulangoni, polepole, hata mara kumi kama unataka.

Mama Constance