Tairi Kibogoyo

Jumanne, 6 Mei

Leo nitaandika yote, hata lile ninalolionea haya.

Mvua haijakatika tangu Jumapili. Jana nilianguka na baiskeli nikitoka kufundisha shuleni Faza, na mama akasema nikianguka tena nitahamia kwa shangazi, hukohuko Faza, mpaka masika yaishe. Shangazi ni mwema, lakini mimi nataka kulala kwetu Chundwa.

Kwa hiyo leo baada ya masomo nilimpelekea Fundi Shee baiskeli. Tairi la nyuma nililichagua mwenyewe kwa sababu lina meno mengi, nikalijaza upepo likawa gumu kama jiwe. Fundi akacheka.

"Bi Mwalimu, meno yamebanana, udongo umeyaziba yote. Hili sasa ni kibogoyo! Ndia ya tope yataka meno machache, yaliyoachana."

Akanifungia jingine, akapunguza upepo mpaka likabonyea kidogo kwa kidole gumba. Akatoa na madigadi, maana tope lilikuwa likikwama hapo.

Sikuteleza hata mara moja! Pale nilipoanguka jana nilipita nikiimba.

Ila bila madigadi, tope lilinirukia mgongoni mpaka kwenye mtandio.

"Umeanguka?" mama akauliza mlangoni.

"Sikuanguka, mama."

Akanitazama mbele, akafurahi. Nami nikapita ubavu ubavu, mgongo nimeuelekeza ukutani.

Ni kweli sikuanguka. Lakini nataka jibu kabla mama hajalikuta gauni langu la kufundishia asubuhi: kuficha mgongo nako ni uongo?