Nusu Kidonge cha Mama

Jumatatu, 1 Septemba
Mwili mzima unauma tena. Shingo, mabega, nyonga. Nimelala usiku kucha, nimeamka nimechoka. Mama amekata kidonge chake cha ugonjwa wa sukari, nusu akameza, nusu akanipa, kama kila siku. Anasema mama na binti, uchungu iko moja. Mwaka sasa tunagawana. Mimi kinanisokota tumbo tu. Kisha tukaenda ufukweni kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja cha waya.

Alhamisi, 4 Septemba
Mama anaburuta mguu wa kushoto. Nimemvua kandambili. Kipande cha waya wa kichanja kimezama chini ya kidole gumba, usaha unatoka. Hajui kiliingia lini. Mimi nikiguswa bega napiga kelele, yeye anatembea na waya! Nimemfokea. Ni woga tu.

Ijumaa, 5 Septemba
Hospitali, Rumonge. Daktari alitufumbisha macho, akatugusa nyayo kwa uzi wa plastiki, kama wa kuvulia. Nilisikia kila mahali. Mama hakusikia kitu. Sukari yangu iko sawa kabisa, ya mama imepanda vibaya. Kisha akaniminya mabega, nikalia. Akasema uchungu wa sukari huanzia vidole vya miguu, huchoma, halafu mishipa ya fahamu inakufa na mtu hasikii tena. Wangu umeenea mwili mzima. Unaitwa fibromialji, na vidonge vya mama haviuhusu hata kidogo. Akauliza nani aliniambia nivimeze. Nikamtazama mama. Mama akamwambia murakoze, asante, kama kapewa zawadi.

Jumamosi, 6 Septemba
Sikuenda ufukweni. Nina hasira na mama na huruma yake. Na mimi mwenyewe zaidi. Mwaka mzima nimekula nusu ya dawa ya kuulinda mguu wake. Wifi kapita, mke wa kaka. Eti kumbe sina sukari, basi ni uvivu. Mshenzi! Nimemfungia mlango.

Jumatano, 10 Septemba
Wamemkata mama vidole viwili hospitalini. Kidonda kikipona, mguu utabaki. Kisipopona, watakata juu zaidi. Sijalia. Sina hata nguvu ya kulia.

Ijumaa, 19 Septemba
Kidonda kinakauka. Mguu unabaki, wamesema. Nilimpelekea uji, nikambadilishia shuka. Neno lake la kwanza, kuniuliza mabega yangu yako aje. Yalikuwa yanawaka moto. Nikamwambia leo hayaumi, mama. Akafurahi, akanywa uji wote.