Mukono Wenye Saa

Lubumbashi, 9 Desemba 1986

Yaya Mwansa,

Tuko bazima, batoto pia. Mvua inanyesha kila siku, na jikoni inavuja palepale ulipokuwa unakaaka kuchambua mboga. Mama anauliza juu yako kila asubuhi. Ninamujibu uko muzuri.

Uliniandikia mara tatu kuniuliza kama huku kazini, kwa servisi ya video, nilisikia kitu juu ya bwana yako Nkandu. Nilijibu hapana mara mbili. Barua hii sitaitia posta. Delphine atakuletea Likasi mukononi.

Unakumbuka ile defile ya chama, mwezi wa kumi na moja? Ni mie nilibeba kamera ya televizyo. Nkandu alikuwa jukwaani, mustari wa mbele, anapiga makofi. Nilimupiga picha ya karibu, juu iko shemeji yangu. Kisha chef wangu wa kazi akaniletea kaseti ya ile defile, akagusa uso wa Nkandu kwa kidole: «Huyu, umutoshe kwa picha. Usiulize.»

Nikamukata kwa picha. Akabakia mukono tu, na ile saa tuliyomupa siku ya ndoa. Mukono sikuweza kuukata.

Tangu pale chef ananisalimia kila asubuhi, ananiuliza batoto bangu banasoma wapi. Kuacha kazi, nitaachaje?

Unasema balimukamata siku ya ine, mangaribi, muko munakula.

Yaya, kaseti niliipata siku ya kwanza, juma ileile, siku tatu mbele bamukamate. Na gari ya Likasi inatoka hapa kila asubuhi.

Mudogo yako,
Kunda